Pandisha mzigo kwenye mizani kabla hujanunua vani

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa Kisaju, nasi tuliolala Kitengela hatukusikia hata tone. Saa kumi na nusu alfajiri tuliondoka na vani ya kukodi iliyosheheni taa, jenereta, reli za kamera, hema na watu sita. Tulipopita Kisaju tukaacha lami, tukashika njia ya mifugo kuelekea boma ambalo wenyewe walikuwa wameturuhusu turekodie. Hatukufika mbali. Gurudumu la nyuma lilianza kuvaa udongo, likanenepa mpaka likakwaruza bodi, kisha gari zima likaketi.

Anayeijua Kajiado anaelewa ninachosema. Udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba na kunata, na kila hatua unainua donge zito chini ya kiatu. Tulishusha kila kitu. Tulibeba masanduku begani kwa zaidi ya kilomita moja, vijana wa boma wakitusaidia, na punda wawili waliotoka kuteka maji wakabebeshwa mifuko yetu ya mchanga. Kamera iliwashwa saa tano. Mwanga wa asubuhi, ambao ndio uliotutoa Kitengela usiku, ulikuwa umeshapita.

Dereva hakukosea. Kosa tulilifanya sisi siku tulipochagua gari kwa kuangalia bei ya kukodi na urefu wa sehemu ya mizigo, bila kuuliza mzigo wetu una uzito gani na kilomita ya mwisho ina udongo gani. Tangu siku hiyo kila ninapokutana na kijana anayetaka kununua vani ya kazi za filamu, namuuliza maswali hayo mawili kabla ya kumuuliza ana pesa ngapi.

Na vijana hao ni wengi Kitengela. Mji huu, ambao wazee wa hapa bado huuita Noonkopir, ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019. Nairobi ni kilomita 30 hivi kaskazini, kodi ya nyumba huku ni nafuu, na plotini kuna nafasi ya kuegesha gari kubwa ndani ya lango. Ndiyo maana utawakuta hapa mafundi wa taa, wa sauti, wapiga picha wa harusi na watayarishaji wadogo wa matangazo. Vifaa vikubwa hukodishwa Nairobi, lakini mandhari iko kusini: unapita Isinya, unafika Kajiado mjini, unaendelea Ilbisil mpaka Namanga mpakani.

Kaunti ya Kajiado ina zaidi ya kilomita 21,000 za mraba, kuanzia vilima vya Ngong hadi Amboseli chini ya Kilimanjaro. Fernando Meirelles alipotengeneza The Constant Gardener, filamu iliyotoka 2005, Ziwa Magadi ndilo lililoonyeshwa likisimama badala ya Ziwa Turkana. Huko Amboseli ndiko mpiga filamu Martyn Colbeck alikompiga picha Echo, ndovu jike mzee ambaye mtafiti Cynthia Moss alimfuatilia kwa miaka mingi, na watazamaji wa BBC wakamjua kwa jina. Miradi ya ukubwa huo huja na msafara wake wa malori. Ninaowaandikia ni wale wanaotoka na gari moja: tangazo la siku mbili, video ya muziki, filamu fupi ya shirika linalochimba visima.

Tuanze na uzito. Jenereta ya kimya ya aina ya Honda EU70is, ambayo wengi huitamani kwa sababu haimkeri fundi wa sauti, ina karibu kilo 118 kabla hujatia mafuta. Stendi kumi za chuma za kushikia taa na vitambaa, zile ambazo watu wa seti huziita si-stendi, zinakaribia kilo 55. Mifuko 15 ya mchanga ya kilo kumi kila mmoja ni kilo 150. Hapo umeshafika kilo 323, na hakuna taa wala kamera iliyoingia. Weka watu watano wa kilo 75, utakuwa karibu na kilo 700. Ongeza madumu matano ya maji ya lita 20, kwa maana huko nyikani hakuna duka, na mzigo unakaribia kilo 800. Bado kuna taa zenyewe, kebo za shaba, reli, meza, hema, chakula, mavazi na betri.

Sasa zunguka nyuma ya vani iliyotoka Japani. Kwenye mlango wa nyuma mara nyingi utakuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Wengi hukibandua wakidhani ni urembo. Hicho ndicho kiwango cha juu cha mzigo ambacho gari liliruhusiwa kubeba kule lilikotoka. Ukiona namba mbili, ya pili ikiwa ndogo na ndani ya mabano, ndogo ndiyo ya kuzingatia viti vya nyuma vikiwa na watu. Probox, gari ambalo Wakenya tumelibebesha kila kitu kuanzia miraa hadi saruji, aghalabu huandikwa kilo 400, na 250 viti vya nyuma vikikaliwa. Toyota HiAce za mizigo huwa za tani moja au zaidi kidogo, nazo pia hupungua abiria wanapoongezeka.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji duka la magari. Siku moja baada ya kazi, kabla vifaa havijarudishwa, lipeleke gari likiwa na kila kitu na kila mtu kwenye mizani ya kibinafsi ya wafanyabiashara wa mawe au vyuma chakavu, lipimwe. Kisha lipime likiwa tupu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokununulia gari. Nimeona timu zikiapa kwamba mzigo wao ni nusu tani, na ulipopimwa ukazidi tani moja.

Ukishaijua namba hiyo, magari mengi yanajiondoa yenyewe. Probox inamfaa mpiga picha mwenye kamera mbili na taa za betri. Ukiidai zaidi ya hapo, inalipa kwa springi na breki. TownAce na Mazda Bongo zinaingia kwenye vichochoro vizuri na zinakunywa mafuta kidogo, lakini kwa kazi yenye jenereta na reli zinajaa mapema. Pikapu ya magurudumu manne yenye kifuniko nyuma, kama Hilux au D-Max, ndiyo ingetutoa kwenye tope la Kisaju, ila sehemu yake ya mizigo ni fupi na vumbi la Kajiado, jembamba kama unga, hupenya kila mpira wa mlango. Vumbi hilo likiingia kwenye lenzi, gharama ya kuisafisha inashinda akiba yote ya mafuta.

Canter na Isuzu NPR zenye boksi nyuma ni ulimwengu mwingine. Unapanga vifaa kwa rafu, unasimama wima ndani, na watu wanasafiri kwa gari lao. Lakini gari ambalo uzito wake wote unafika tani tatu na nusu linaingia kwenye mizani ya barabarani, na katika barabara ya Namanga mizani hiyo iko Isinya. Dereva naye anahitaji leseni ya daraja la C1. Kwa mtu mwenye kazi tatu kwa mwezi, lori litalala plotini siku nyingi kuliko litakazofanya kazi. Likodishe siku unapolihitaji.

Inabaki HiAce na ndugu yake Nissan Caravan. HiAce ya kwanza ilitoka 1967, na umbo la pembe nne tunalolijua leo kwenye matatu zetu lilianza 2004. Faida yake kubwa hapa kwetu haiko kwenye injini. Iko kwenye ukweli kwamba ukiharibikiwa Ilbisil saa mbili usiku, kuna uwezekano mzuri kwamba fundi wa hapo ameshalifungua gari kama lako mara nyingi, na kipuri kinaweza kuletwa na matatu ya kwanza ya asubuhi. Gari la kifahari kutoka Ulaya, lenye nafasi nzuri zaidi na kiti laini, litakungojesha wiki mbili.

Lakini usiseme tu HiAce. Kuna ya kawaida, yenye urefu wa karibu mita 4.7 na kimo kisichofika mita mbili, na kuna ndefu yenye paa la juu, mita 5.38 kwa karibu mita 2.3. Watu wa filamu huipenda ndefu mara moja, kwa sababu ubao mzima wa plaiwudi, mita 2.44, unalala ndani na nafasi inabaki. Mimi ningechukua ya kawaida. Ukiondoa viti vya nyuma, sakafu yake inafika mita tatu, na plaiwudi inalala vilevile. Ile ndefu inakushawishi kujaza, inapepesuka upepo wa nyandani unapoipiga ubavuni, na katika njia ya mifugo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaifanya ikwaruze tumbo kwenye tuta ambalo ya kawaida ingelivuka. Ukipata iliyoundwa kusukumwa na magurudumu yote manne, na zipo zinazotoka Japani, lipia tofauti hiyo bila kusita.

Kuhusu injini nitasema kwa kifupi. Petroli ya lita mbili ni nyepesi kutunza lakini hupumua kwa shida ikiwa na tani moja mlimani. Dizeli ya lita tatu ina nguvu inayohitajika kwenye mizunguko ya chini. Uliza tu kama ina kichujio cha moshi kwenye ekzosi: kichujio hicho huziba gari linapotumika kwa safari fupi za foleni bila kuchemka sawasawa, na safari ya Kitengela hadi Mlolongo asubuhi ni hiyo hiyo. Gari lenye kichujio linataka mara kwa mara likimbie barabara ndefu. Na kwa kuwa injini ya vani hizi iko chini ya viti vya mbele, fungua kiti kabla ya kununua, gusa, nusa. Mafuta yaliyovuja hukaa hapo miaka.

Breki zinastahili aya yake, na sababu ni Magadi. Kutoka Kiserian unapita Corner Baridi, kisha barabara inaanza kuteremka Bonde la Ufa kupitia Olepolos na Olorgesailie mpaka ziwani, ambako uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Umeshuka zaidi ya mita 1,000 ukiwa na tani moja mgongoni. Dereva anayekanyaga breki njia nzima hupasha moto mafuta ya breki, na mafuta yaliyonyonya unyevu kwa miaka huchemka. Hapo mguu unazama bila gari kupunguza mwendo. Gia ya chini huwekwa kileleni, kabla mteremko haujaanza. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili hata kama gari halijasumbua. Ukimpelekea fundi vani unayotaka kununua, mwambie aanzie magurudumuni. Redio na viti vinaweza kungoja.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Katika vani nyingi za vifaa nilizopanda, hakuna kitu kati ya watu na mzigo. Mstari mmoja wa viti umeachwa ili timu isafiri pamoja, na nyuma ya vichwa vyao kuna chuma: stendi zimelazwa zikielekea mbele, jenereta imezuiwa kwa mfuko wa mchanga, sanduku la taa juu ya sanduku la lenzi. Wakati mwingine kijana mdogo kuliko wote, yule anayejifunza kazi, ameketishwa juu ya masanduku kwa sababu viti vimejaa. Gari likisimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila kisichofungwa kinaendelea kwenda kwa mwendo ule ule. Na mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Stendi ya kilo tano na nusu inakuwa mkuki.

Barabara ya Namanga inajulikana. Usiku kuna malori ya kwenda Tanzania yaliyoegeshwa pembeni bila taa, ng'ombe wanaovuka, pundamilia wanaotafuta malisho. Kufunga breki ghafla ni jambo la kila wiki. Mwaka 2004 tulikubali kama nchi, chini ya kanuni alizosimamia John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kwamba kila abiria wa matatu afungwe mkanda. Sioni ni kwa nini msaidizi wa fundi mkuu wa taa aonekane hastahili kile anachostahili abiria wa Kitengela.

Dawa yake ni ukuta. Fremu ya mabomba ya chuma ya pembe nne, imefungwa kwa boliti kwenye sakafu na nguzo za bodi, wala si kuchomelewa juu juu kwenye bati; juu yake wavu mzito wa chuma, na nusu ya chini plaiwudi nene. Ukuta unasimama nyuma ya kiti cha mwisho chenye mtu. Kitu kizito kuliko vyote, aghalabu jenereta, kinakaa chini kabisa kikiegemea ukuta huo, mbele ya ekseli ya nyuma. Hilo lina faida ya pili: uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani huelea. Stendi zinalazwa kukingama upana wa gari, zisielekee watu. Kila kitu kinafungwa kwa mikanda yenye racheti kwenye vishikio vya sakafuni. Kamba ya manila haitoshi; hunyumbuka na kulegea baada ya kilomita chache za matuta.

Mafundi wa kuchomelea wa Kitengela hutengeneza mageti, fremu za vibanda na keria za matatu kila siku. Kazi hii wanaiweza. Wachoree, simama nao, na udai boliti zenye washa pana chini ya sakafu.

Plaiwudi ina kazi nyingine pia. Vani za Japani zina madirisha pande zote, na mwizi anayechungulia anaona masanduku meusi yenye pembe za chuma. Plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi ndani ya madirisha ya nyuma inamnyima sababu ya kuvunja. Betri za lithiamu zisiachwe ndani gari likiwa limefungwa juani. Mchana wa Magadi hauna huruma. Wala zisichajiwe usiku ndani ya gari bila mtu macho.

Wengi watanunua matatu iliyostaafu. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo vani mpya kwetu ni ghali, na matatu ya zamani iko hapo stejini ikiwa na bei ya kupatana. Sikatai. Lakini lala chini yake. Tazama chasisi palipofungwa viti, tafuta alama za kuchomelea, tazama kama springi za mabamba zimeongezwa. Zilizoongezwa zinakwambia gari lilibeba nini maisha yake yote. Kufuta mstari wa manjano wa matatu hakutoshi: badiliko la rangi na la matumizi lazima liandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, na gari la biashara hukaguliwa kila mwaka.

Kisha bima. Kuna bima ya gari binafsi, kuna ya biashara kwa mali yako mwenyewe, na kuna ya kubeba mali ya wengine kwa malipo. Kamera uliyoikodi Nairobi si mali yako. Ukimbebea mtayarishaji mwingine vifaa vyake akakulipa, hiyo ni kazi ya aina ya tatu. Mwambie wakala ukweli wote na uombe akuandikie kwamba umemwambia. Nimemwona rafiki akipoteza gari na vifaa kwa ajali moja, na madai yake yakakataliwa kwa sababu karatasi ilisema gari la nyumbani. Alilipa vifaa hivyo kwa miaka miwili.

Wewe mtayarishaji unayeandika bajeti wiki hii kwa kazi ya Ilbisil au Magadi: weka mstari mmoja wa ukuta wa chuma na mikanda, hata kama vani ni ya kukodi, na mwenye gari akikataa usifungwe boliti kwenye sakafu yake, kodi gari la pili la watu. Na asubuhi ya safari, kabla dereva hajawasha injini, fungua mlango wa nyuma utazame mwenyewe. Ukimkuta kijana ameketi juu ya masanduku, mshushe.